Kibodi Kwanza, Kioo Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Kishikwambi Mseto Badala ya Kompyuta Mpakato

Neno kishikwambi lilizoeleka midomoni mwa Watanzania wengi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa hivyo mikononi, na baada ya sensa vifaa vyenyewe vikagawiwa walimu. Karani wa sensa aligusa kioo, akachagua jibu, akaandika namba chache na kuhamia kaya inayofuata. Mwalimu anayekaa jioni kuandaa azimio la kazi la muhula mzima, mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu ya kurasa 120, au mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi ana kazi ya aina nyingine kabisa, na hapo ndipo swali linapozuka: je, kishikwambi kilichoongezewa kibodi kinaweza kushika nafasi ya kompyuta mpakato, ile ambayo wenzetu wa Kenya huiita kipakatalishi?

Kwa watu fulani kinaweza, tena vizuri, ila wengi wanaojuta walianza kwa kutazama kioo. Dukani kioo ndicho kinachowashwa. Kinang'aa na kucheza video ya maporomoko ya maji, ilhali kibodi iko kwenye boksi jingine rafuni, kalamu iko kwenye boksi la tatu, na programu ambazo mnunuzi atazihitaji Jumatatu asubuhi hazionekani popote. Hatua zilizo hapa chini zinakwenda kinyume na mpangilio wa duka: zinaanza na kazi, zinapitia programu na kibodi, na kioo kinakuja karibu na mwisho.

Tuelewane kwanza juu ya neno mseto. Katika aina ya kwanza, kompyuta yote imo nyuma ya kioo, na kibodi ni kava jembamba linalonata kwa sumaku na kubandukika. Hiyo ndiyo familia ya Surface ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa tarehe 26 Oktoba 2012, ya iPad Pro ya Apple iliyofuata mwaka 2015, ya Galaxy Tab S ya Samsung na ya Duet ya Lenovo. Katika aina ya pili kibodi haitoki, bali inazunguka kwa bawaba hadi kukutana na mgongo wa kioo, kama Lenovo ilivyofanya kwa Yoga yake mwaka 2012. Aina hii ya pili ni kompyuta mpakato yenye kioo cha kugusa, na uzito wake ni uleule wa kompyuta mpakato; anayedhani atajilaza kitandani akiisomea gazeti, mikono itamchoka ndani ya dakika kumi. Mwongozo huu unahusu hasa aina ya kwanza.

Hatua ya kwanza: Andika kazi zako za wiki moja

Chukua daftari, na kwa siku saba mfululizo andika kila mara unapofungua kompyuta, iwe yako, ya ofisini au ya kuazima: ulifanya nini, ulikuwa umekaa wapi, na ilichukua muda gani. Usiandike unachotarajia kufanya ukishapata kifaa kipya, maana matarajio ndiyo yanayouza vifaa, andika ulichofanya. Mimi ni mhariri wa vitabu vya kiada, na kabla ya kufanya hesabu hiyo ningeapa kwamba muda wangu mwingi huishia katika kuchapa. Daftari lilisema vingine: karibu theluthi mbili ya saa zangu zilikuwa za kusoma miswada, kuweka alama pembezoni na kujibu barua pepe fupi, na nyingi kati ya saa hizo nilikuwa kwenye basi, kwenye benchi la kusubiria au mezani kwa mwandishi tukipitia kurasa pamoja.

Daftari lako likionyesha kwamba zaidi ya nusu ya saa ni za kusoma, kusahihisha nyaraka, kuandika kwa mkono, kuchora, kujaza fomu ukiwa umesimama au kumwonyesha mteja kitu, endelea na hatua zinazofuata. Likionyesha kwamba unachapa saa nne au tano kila siku, au kwamba unafungua majedwali makubwa mawili pamoja na mafaili mengine kwa wakati mmoja, au kwamba unahariri video, nunua kompyuta mpakato na uishie hapa. Kwa fedha ileile utapata kichakataji (ubongo wa kompyuta) chenye nguvu zaidi, kioo kikubwa zaidi na kibodi isiyoyumba. Usihisi kwamba umebaki nyuma ya wakati.

Hatua ya pili: Pima mahali unapokaa

Katika kompyuta mpakato, betri, kichakataji na ubao mkuu vimo chini ya kibodi, kwa hiyo uzito umetulia chini na kioo ni chepesi. Katika kishikwambi mseto mambo yamegeuka: uzito wote umo juu, nyuma ya kioo, na kibodi ni nyepesi kama daftari la kurasa chache. Kitu chenye kichwa kizito na miguu myepesi huanguka kinyumenyume, na ndiyo sababu watengenezaji huweka tegemeo mgongoni, bapa la chuma linalofunguka na kusimama nyuma kama mguu wa fremu ya picha. Tegemeo hilo linahitaji nafasi. Kibodi ya kishikwambi cha inchi 12 au 13 ina kina cha takriban sentimita 21, na tegemeo likifunguliwa jumla inafika sentimita 30 au zaidi.

Kata kipande cha kadibodi chenye kina cha sentimita 33, kisha kaa nacho pale unapofanyia kazi kweli. Kiweke mapajani, juu ya kiti cha chuo chenye kibao kidogo cha kuandikia pembeni, kwenye meza ya kukunja ya basi la mkoani. Kadibodi ikining'inia ukingoni, tegemeo nalo litaning'inia, na siku moja kifaa kitakuwa sakafuni. Watu wenye mapaja mafupi huligundua jambo hili mapema kuliko warefu, na wauzaji hawalisemi.

Yako marekebisho yaliyofanywa kadiri miaka ilivyopita. Tegemeo la Surface ya mwaka 2012 lilikuwa na pembe moja tu, lakini tangu Surface Pro 3 ya mwaka 2014 limekuwa likisimama kwenye pembe yoyote unayoitaka. Apple nayo mwaka 2020 ilitoa kibodi iitwayo Magic Keyboard, ambayo haina tegemeo la nyuma; iPad inaelea juu ya bawaba nzito na inatulia vizuri mapajani. Gharama ya utulivu huo ni uzito: iPad Pro ya inchi 12.9 ikiwa pamoja na kibodi hiyo inazidi MacBook Air, kompyuta mpakato nyepesi ya Apple yenyewe, kwa uzito, na hapo ile sababu ya kwanza ya kutaka kishikwambi, wepesi, imeshatoweka.

Hatua ya tatu: Orodhesha programu, kisha uliza mfumo

Hii ndiyo hatua inayopaswa kuchukua muda wako mrefu zaidi, na haihitaji kwenda dukani. Rudi kwenye daftari na uandike jina la kila programu uliyoifungua katika wiki ile, pamoja na kila kifaa ulichokichomeka: printa, mashine ya kuchapa risiti, projekta, flashi, skana. Orodha hiyo ndiyo itakayochagua mfumo endeshi, yaani Windows, iPadOS, Android au ChromeOS, na mfumo endeshi ndio utakaochagua kifaa.

Kisa cha Surface ya kwanza kinafaa kukumbukwa hapa. Ilionekana kama kompyuta ya Windows, ikawa na Word na Excel ndani yake, lakini kichakataji chake kilikuwa cha aina ya ARM, ile inayotumika kwenye simu, na mfumo wake uliitwa Windows RT, ambao haukukubali programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo kwa miaka. Mnunuzi alifika nyumbani na CD au faili lake la kusakinisha programu ya uhasibu, na kifaa kikakataa. Julai 2013 Microsoft ililazimika kuandika hasara ya dola milioni 900 kwa sababu ya vifaa hivyo vilivyolala ghalani. Kifaa kilikuwa kizuri, ila hakikufanya kile ambacho sura yake iliahidi.

Hali imebadilika sana tangu wakati huo, lakini swali ni lilelile. Surface Pro zinazotumia vichakataji vya Snapdragon, ambavyo navyo ni vya ARM, zikiwemo za mwaka 2024, zinaendesha Windows 11 kamili na zinaweza kuigiza mazingira ya kichakataji cha Intel ili programu za zamani zifanye kazi. Programu nyingi za kawaida hukubali. Kinachokwama ni viendeshaji, yaani zile programu ndogo zinazoifundisha kompyuta kuzungumza na printa au mashine ya risiti, kwa kuwa hizo haziigizwi, ni lazima ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya ARM. Mwenye duka anayetegemea printa ya risiti ya miaka minane iliyopita aulize jambo hili kwa maandishi kabla ya kulipa, au achague kifaa chenye kichakataji cha Intel au AMD. Anayetumia Tally kwa hesabu au ArcGIS Pro kwa ramani hana njia nyingine isipokuwa Windows.

Baadhi ya vifaa vidogo vya Windows huuzwa vikiwa katika hali iitwayo S, ambayo hukubali programu za duka la Microsoft peke yake. Kutoka katika hali hiyo ni bure na hufanyika mara moja tu bila kurudi, kwa hiyo fundi akikudai fedha ya kuifungua, fahamu kwamba anakuuzia mlango ulio wazi.

Kwa upande wa iPad, mambo mawili huwashtua watu. Kwanza, Excel ya iPad hufungua faili lenye makro (amri zilizoandikwa ili jedwali lifanye kazi lenyewe) lakini makro zenyewe haziendi, na ofisi nyingi zina majedwali ya mishahara au ya stoo yaliyojengwa juu ya makro na mtu aliyehama kituo zamani. Pili, mwanafunzi anayepanga marejeo kwa Zotero atasoma makala zake vizuri kwenye iPad, lakini hataweza kuingiza marejeo hayo ndani ya Word ya iPad kama anavyofanya kwenye Windows. Yule wa tasnifu ya kurasa 120 anapaswa kuisoma sentensi hiyo mara mbili.

Android ni chaguo la heshima kwa watafiti wa nyanjani, kwa kuwa KoboCollect, ambayo mashirika mengi ya Afrika Mashariki huitumia kukusanya takwimu vijijini, ni programu ya Android. Galaxy Tab S ina hali iitwayo DeX, inayokigeuza kioo kuwa na madirisha na upau wa chini kama kompyuta, nayo inafaa kwa barua na mawasilisho mafupi. ChromeOS, mfumo wa Google unaopatikana kwenye Duet, ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini inapendelea intaneti ya uhakika. Anayeishi panapokatika mtandao mara kwa mara aiache.

Liko pia jambo la leseni ambalo hutegemea ukubwa wa kioo. Microsoft huruhusu kuhariri bure nyaraka za Word na Excel kwenye vishikwambi vya iPad na Android vyenye kioo kisichozidi inchi 10.1, kioo kikizidi hapo, utasoma bure lakini kuhariri kutahitaji usajili wa kulipia. Tofauti ya inchi moja inaweza kukugharimu ada ya kila mwaka.

Hatua ya nne: Kaa na kibodi robo saa

Muombe muuzaji akuunganishie kibodi, ukae, na uandike ukurasa mzima wa Kiswahili. Andika barua ya kweli, yenye majina ya watu na tarakimu, kwa dakika kumi na tano. Sikiliza kama kibodi inabonyea katikati, kama kidole kidogo kinafikia kitufe cha kufuta bila kupapasa, na kama kipadi cha kuongozea mshale kinakubali kuburuta faili. Kwenye iPad, kipadi na kipanya vilipata uwezo kamili kuanzia toleo la iPadOS 13.4 la Machi 2020. Kibodi za zamani zisizo na kipadi zitakulazimisha kunyanyua mkono kugusa kioo kila mara, na baada ya saa moja bega litakuambia.

Mpangilio wa herufi unahitaji macho makali kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya. Kibodi za Kijerumani hubadilishana nafasi ya Y na Z, na sijui lugha inayoumizwa na jambo hilo kuliko Kiswahili, ambamo herufi hizo mbili zimejaa kila mstari. Nilinunua kibodi ya namna hiyo kwa bei ya kurusha roho, na kwa wiki mbili nilituma barua zenye “kayi” badala ya “kazi”. Hilo lilikuwa afadhali, kwa sababu linaonekana. Balaa lilikuwa “yangu” iliyogeuka “zangu” na “yote” iliyogeuka “zote”, ambayo ni maneno halali yasiyoweza kukamatwa na kisahihishi chochote, nami nikaonekana mhariri asiyejua upatanisho wa ngeli. Unaweza kubadilisha mpangilio katika mipangilio ya kompyuta, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki yakikudanganya. Wasomaji wa Bujumbura na Lubumbashi waliozoea mpangilio wa Kifaransa, wenye A mahali pa Q na Z mahali pa W, watakutana na shida hiyohiyo wanaponunua kifaa kilichopitia Dubai au London.

Jaribu pia kibodi ya kwenye kioo, ile ya kugusa, kwa kuwa utaitumia unapokuwa umesimama. Weka Kiswahili katika lugha za kibodi au uzime usahihishaji wa moja kwa moja kabla ya kuandika, la sivyo kifaa kitayageuza maneno yako kuwa Kiingereza pasipo ruhusa. Angalia pia alama ya ng': vifaa vingine huweka ritifaa iliyopinda upande usiofaa.

Hatua ya tano: Kalamu, kama unaihitaji

Kalamu za vifaa hivi hazibadilishani. Kalamu ya Samsung hupata nguvu kutoka kwenye kioo chenyewe na huandika bila betri, tena mara nyingi huja ndani ya boksi. Kalamu ya Surface ya miaka ya 2017 hutumia betri nyembamba ya AAAA, ambayo si kila duka la mtaani linayo. Apple ina kalamu za aina nne zisizolingana na kila iPad, na ile ya USB-C ya mwaka 2023 haitambui mkandamizo wa mkono, jambo lisilomhusu anayesahihisha insha lakini linalomkata miguu mchoraji. Nenda na kifaa na kalamu pamoja, uandike jina lako mara kumi, ukiwa umeegemeza kiganja juu ya kioo. Kiganja kikiacha madoa ya wino, kuna tatizo.

Hatua ya sita: Soma vipimo

Kwenye vifaa hivi kumbukumbu ya RAM imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao, haiongezwi baadaye. Kwa Windows chukua GB 8 kama kiwango cha chini, hata kama Microsoft inasema Windows 11 inaweza kwenda na GB 4. Inakwenda, lakini kama mzee anayepanda mlima. Kwa upande wa hifadhi, epuka GB 64 za aina ya eMMC, hifadhi ya bei nafuu na ya polepole, kwa ajili ya Windows, maana mfumo wenyewe na masasisho yake huzila karibu zote, kisha kifaa huanza kukataa masasisho yanayofuata. GB 128 za SSD, hifadhi yenye kasi zaidi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Baadhi ya Surface, kama Pro 7+ na Pro 8 za mwaka 2021, zina SSD inayoweza kutolewa, na hiyo ni sifa ninayoithamini kuliko wembamba.

Kuhusu kioo chenyewe, tazama umbo kabla ya ung'avu. Surface na iPad zina umbo linalokaribia karatasi ya A4, linalofaa kusomea nyaraka. Vishikwambi vingi vya Android ni virefu na vyembamba kama luninga, vikifaa filamu na kubana ukurasa. Inchi 10 zinatosha kusoma na kujaza fomu, lakini kwa kuandika kila siku nenda inchi 12 au 13. Kisha ukipeleke kifaa nje ya mlango, juani, uone kama maandishi yanasomeka.

Joto nalo ni la kuzingatia kwa wakazi wa pwani. Vishikwambi vingi havina feni. Vikipata moto, kichakataji hujipunguzia kasi ili kisiungue. Apple husema iPad itumike mahali penye nyuzijoto kati ya 0 na 35 za Selsiasi, na chumba kisicho na feni mjini Tanga mwezi Februari kinaukaribia mpaka huo bila kifaa kufanya lolote. Gari lililofungwa juani linauvuka kwa mbali.

Hatua ya saba: Umeme na intaneti

Chagua kifaa kinachochajiwa kwa USB-C. Chaja hiyo ikipotea utapata nyingine mtaani, na umeme ukikatika pawabenki yenye nguvu ya kutosha, wati 45 au zaidi kwa vifaa vya Windows, itakufikisha jioni. Surface Pro 6 na zilizotangulia hutegemea chaja ya sumaku ya Microsoft peke yake. Pro 7 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoongeza USB-C. Hesabu pia matundu: mara nyingi ni moja au mawili, kwa hiyo flashi, projekta na kipanya vitahitaji kigawanyo cha kuongeza matundu, nacho kiingie kwenye bajeti.

Kifaa chenye nafasi ya laini ya simu hupunguza shida ya kufungua mtandao kwenye simu kila mara. Kwa iPad kuna sababu ya ziada: zile zenye waifai pekee hazina GPS, na anayepima mashamba au kurekodi mahali pa kaya ataona kazi yake imekwama.

Hatua ya nane: Jumlisha bei yote, pamoja na siku ya kuvunjika

Andika kwenye karatasi moja: kishikwambi, kibodi, kalamu, kigawanyo, kava, usajili wa programu. Magic Keyboard ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa kwa dola 299 kwa iPad ya inchi 11 na dola 349 kwa ile ya inchi 12.9, fedha ambazo zingeweza kununua kompyuta mpakato nzima iliyotumika. Linganisha jumla hiyo na bei ya kompyuta mpakato, kwa kuwa bei ya kishikwambi peke yake hailinganishwi na chochote.

Kisha uliza gharama ya matengenezo kabla ya kununua. Mpigie fundi wako na umtajie aina kamili ya kifaa. Katika vifaa vingi vya aina hii, kioo cha nje, tabaka la mguso na kionyeshi vimegandishwa pamoja, kwa hiyo ufa mmoja hugharimu kioo chote, na betri imebandikwa kwa gundi nyuma yake, hata kuifikia ni lazima kioo kipashwe moto na kubanduliwa. Kwenye kompyuta mpakato nyingi za kiofisi, betri ni kazi ya bisibisi na nusu saa. Fundi akisita, au akisema spea ni za kuagiza, ongeza kiasi hicho kwenye karatasi.

Hatua ya tisa: Ukaguzi wa kilichotumika

Wengi wetu tutanunua Kariakoo au katikati ya Nairobi kifaa kilichowahi kutumika ofisini Ulaya au Ghuba, na hakuna ubaya, ilimradi ukaguzi ufanyike kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Anza na umri. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au baada yake. Surface Pro 4, Surface Pro ya mwaka 2017 na Surface Pro 6 zinafanana kwa umbo kiasi kwamba hata muuzaji mwaminifu anaweza kuchanganya, lakini ni Pro 6 tu kati ya hizo tatu inayokubaliwa. Fungua mipangilio, usome jina la kichakataji: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7300U ni cha saba.

Pili, laza kifaa juu ya meza bapa na uchungulie ukingoni. Kioo kilichonyanyuka upande mmoja, au kifaa kinachobembea, ni dalili ya betri iliyovimba, na hicho hupaswi kukichukua hata kwa zawadi. Kwa Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo iliobakiwa nao. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 70, ingiza betri mpya katika mazungumzo ya bei.

Tatu, na usiruke hili, mwambie muuzaji akifute kifaa chote mbele yako na kukiwasha upya kikiwa kimeunganishwa kwenye intaneti. Kifaa kilichosajiliwa na kampuni kitauliza barua pepe ya kazini na kutaja jina la kampuni hiyo. iPad iliyofungwa itadai akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Maelezo ya muuzaji kwamba “hiyo tunairuka tu” ni kweli mpaka siku utakapolazimika kukifuta tena.

Baada ya hapo gusa kila pembe ya kioo kwa kuburuta alama kutoka juu hadi chini, bandua na bandika kibodi mara ishirini, jaribu kamera zote mbili, na sikiliza spika.

Hatua ya kumi: Siku saba za kwanza

Hakikisha risiti ina namba ya utambulisho ya kifaa na maneno ya udhamini, hata kama ni wa wiki moja. Katika siku hizo saba rudia daftari lako la mwanzo, kazi kwa kazi, mahali kwa mahali: chapa kwa printa ileile, chomeka kwenye projekta ileile ya shule au ofisi, kaa kwenye kiti kilekile. Kinachoshindikana kirudishwe mapema, kwa lugha ya upole na risiti mkononi.

Kompyuta ya zamani usiiuze wala kumpa mdogo wako mpaka mwezi mzima upite, kwa sababu karibu kila mtu huwa na programu moja aliyoisahau kwenye orodha kwa vile huifungua mara moja kwa mwezi. Yangu bado iko kabatini, kwa ajili ya programu moja ya kupanga kurasa ambayo kishikwambi changu hakiifungui, na kila mwisho wa mwezi naitoa, naipangusa vumbi na kuichomeka ukutani, maana betri yake ilikufa zamani.